Mphikeleli Ntuli, Aliyezikwa kwa Jina la Kaka Yake

(Wasifu unasomwa na mjukuu wake, Bi Sizakele Zondi, eSibomvini, wilaya ya Nkandla, Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2019)

Wazee wa ukoo wa Ntuli, mchungaji, majirani, na ninyi mliotoka mbali, familia inawaomba uvumilivu. Marehemu tunayemzika leo alifariki miaka sabini na sita iliyopita, na habari iliyokaa muda wote huo haisemwi kwa pumzi moja. Msomaji ameambiwa afupishe. Amesema atajaribu.

Marehemu Mphikeleli Ntuli alizaliwa tarehe 14 Mei 1919 hapa hapa eSibomvini, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Sigodi Ntuli na mkewe MaNgubane. Kaka yake Bhekifa alimtangulia kwa miaka mitano. Wawili hawa walipendana kupita kiasi, na mtakaposikia yaliyotokea baadaye msilisahau hilo. Mto Nsuze ulipojaa, Bhekifa alimbeba mdogo wake mgongoni kumvusha, na aliendelea kumbeba hata mtoto alipofika miaka kumi na mmoja na miguu yake ikawa inaburuzika majini. MaNgubane alikuwa akiwafokea kutoka ng'ambo: "Mshushe huyo! Unambeba mpaka lini, mpaka aoe?"

Marehemu alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1928 hadi 1932, akaishia darasa la tatu. Alijua kusoma na kuandika, na alijua zaidi kula. Siku moja maziwa mgando ya mwalimu yalitoweka kwenye kibuyu. Mwalimu akawasimamisha watoto wote mstari mmoja, akamuuliza Mphikeleli, ambaye mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe pe, kama anamjua mwizi. Akajibu: "Simjui, Mwalimu, ila yalikuwa matamu." Bhekifa akajitokeza haraka na kusema mwizi ni yeye. Mwalimu hakuwa mjinga, akawachapa wote wawili.

Mwaka 1937 marehemu alikwenda kufanya kazi katika mgodi mmoja wa makaa ya mawe upande wa Vryheid. Alikuwa mchapakazi, na hakuna aliyewahi kumlalamikia hadi Desemba 1939. Mwezi huo alikuwa ameandikiwa kazi kwa miezi sita mingine, na mwezi huo huo posa yake ilikubaliwa kwa Mzee Shezi. Akaomba ruhusa ya wiki mbili, akanyimwa. Basi akatoroka kazini ili asiikose harusi yake mwenyewe. Siku zile mtu aliyetoroka mkataba alitafutwa na polisi, na kipande chake, ile karatasi ambayo bila hiyo mtu mweusi hakuweza hata kuvuka daraja, kiligeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Alifunga ndoa tarehe 30 Desemba 1939 na Ntombizini, binti wa Mzee Shezi, ambaye tangu siku hiyo mpaka kaburini alijulikana kama MaShezi. MaShezi alikuwa mrefu kuliko mumewe, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko wote wawili. Walipokutana mara ya kwanza kisimani, Mphikeleli alimwambia: "Nitakuja kwenu na ng'ombe kumi na mmoja, hata kama wawili watakuwa mbuzi." MaShezi akamjibu: "Lete kumi tu, huyo wa kumi na moja nitamwona nikikutazama wewe." Wakaoana. Familia inapenda ijulikane kwamba ng'ombe walifika wote kumi na mmoja, na hapakuwa na mbuzi.

Agosti 1940 watu wa jeshi walikuja kwa chifu kuandikisha wanaume. Marehemu alikuwa na mke mpya, polisi walikuwa wanamtafuta, na mahali pekee ambapo polisi wasingepeleka pua zao ni jeshini. Lakini angeandikishwa vipi na kipande chake kina doa? Ndipo Bhekifa akamkabidhi kipande chake yeye. Alisema maneno ambayo MaShezi, aliyekuwa akikoka moto pembeni, aliyasimulia maisha yake yote: "Chukua, mdogo wangu. Mimi siendi popote."

Kwa hiyo aliyeondoka Nkandla siku ile alikuwa Mphikeleli, ila kwenye karatasi aliondoka Bhekifa. Na Bhekifa aliyebaki nyumbani akawa mtu asiye na karatasi. Kwa miaka mingi hakuthubutu kuvuka mpaka wa wilaya, akawa analima tu. Hakumnung'unikia mtu.

Marehemu alifundishwa kambini Welgedacht, kisha akavushwa bahari kwenda kaskazini, Misri na Libya. Alikuwa mlinzi na mpakuaji wa mizigo. Watu weusi hawakupewa bunduki. Walipewa mikuki na marungu, wakaambiwa walinde mabomu. Aliandika barua mbili. Ya pili ilimfikia MaShezi Mei 1941 ikiuliza kama mtoto amezaliwa na kama amechukua urefu wa mamaye. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, tarehe 2 Machi 1941, akaitwa Dumazile. Jibu lilitumwa. Hatujui kama lilimfikia.

Tarehe 21 Juni 1942 mji wa Tobruk ulianguka, na marehemu akatekwa pamoja na maelfu wengine. Kuanzia hapo hakuna barua tena. Hapa wasifu huu ungekuwa umekatika, kama ulivyokatika kwa MaShezi kwa miaka yote aliyoishi. Kilichouunganisha ni bahasha moja iliyokaa chini ya nyasi za paa la nyumba ya Bhekifa tangu mwaka 1945.

Baadhi yenu mtashangaa kusikia jambo hili likisomwa mbele ya watu. Mzikayifani, mwana wa Bhekifa, ndiye aliyeomba lisomwe, tena lote. Nyote mnamfahamu Mzikayifani. Ndiye mnadi wa ng'ombe pale kwenye josho, na anaweza kuwauzieni fahali kipofu mkaondoka mnamshukuru. Juni 2017 alikuwa akibomoa nyumba ya marehemu baba yake, aliyefariki mwaka 1979, ili ajenge ya matofali. Bahasha ikamdondokea kifuani. Hakulala nayo. Alifika kwa Dumazile kabla jua halijapanda, ameishika kwa ncha za vidole.

"Dada," akasema, "kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi mimi nitasimama. Baba yangu alikuwa mwongo, Dada."

"Hilo unalileta asubuhi hii kabla sijanywa chai? Wote walikuwa waongo. Leta hiyo karatasi."

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya serikali, ya Aprili 1943. Inamtaarifu Mphikeleli Ntuli kwamba kaka yake Bhekifa amefariki akiwa mateka nchini Italia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, jamani. Marehemu alipojiandikisha kama Bhekifa, alimtaja Mphikeleli kuwa ndiye ndugu wa kupelekewa habari. Ofisi ya hakimu ilipomwita Mphikeleli, Bhekifa akaenda akaitika, na karani akamsomea kwamba Bhekifa amekufa. Akaweka dole gumba. Hatudhani kuna mtu mwingine katika wilaya hii aliyewahi kutia dole gumba kwamba amezipokea habari za kifo chake mwenyewe, kisha akatoka nje akafungua punda wake, akarudi nyumbani.

Kwa nini hakusema? Angesema, angeulizwa amejuaje, na karatasi ingetoka, na kosa la kipande lingetoka pamoja nayo. Aliogopa jela. Huo ni woga, na familia haiupambi. Lakini familia pia haisahau kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyetoa kipande chake bila kuombwa mara mbili.

Karatasi ya pili ni barua iliyoandikwa Septemba 1945 na Koporali Josefa Mofokeng, mwalimu, Msotho wa Thaba Nchu, aliyekuwa mateka kambi moja na marehemu. Kwa barua hiyo tunaweza leo kusema habari za ugonjwa na kifo kama familia nyingine zinavyosema.

Mofokeng anaandika kwamba walipelekwa Italia kwa meli Oktoba 1942, wakawekwa kambini karibu na Bari, kusini mwa nchi ile. Baridi ilikuwa kali, na chakula kilikuwa maji yaliyochemshwa na majani ya kabichi. Jioni, kabla ya kufungiwa, marehemu alikuwa akiwasimulia wenzake maziwa mgando ya mama yake, jinsi yanavyomwagwa juu ya mahindi yaliyosagwa, jinsi kibuyu kinavyolia kikitikiswa. Wengine walimwomba anyamaze, wakisema anawaua. Alipokaa kimya, wao wao ndio waliomwambia: "Haya basi, Ntuli, endelea. Ulikuwa umefika kwenye kibuyu."

Mwishoni mwa Januari 1943 alishikwa na homa ya mapafu. Akamwita Mofokeng, akamwambia: "Mwalimu, mimi si Bhekifa. Bhekifa yuko nyumbani analima. Mimi ni Mphikeleli. Mwambie mke wangu." Alifariki tarehe 9 Februari 1943, asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mateka wenzake walimchimbia kaburi, wakamvingirisha katika blanketi, na kila mmoja akatupa udongo kwa mkono wake. Walimlaza safu moja na wenzao kumi na mmoja waliokufa kipupwe kile. Mofokeng alitaka msalaba uandikwe jina la kweli. Akaambiwa jina ni lile lililo kwenye orodha. Basi akaliandika la kwenye orodha, akalihifadhi la kweli moyoni miaka miwili na nusu, na alipofika kwao jambo la kwanza alilofanya ni kuandika barua hii. Anaimalizia hivi: "Naomba msomeeni MaShezi. Alinituma kwake, si kwenu wengine."

MaShezi hakusomewa.

Badala yake, mwaka 1946, Bhekifa aliwaambia watu kwamba meli ya mdogo wake ilizama. Dhamiri haikumwacha, akataka amlete nyumbani kwa njia yetu, ya kuiita roho ya marehemu ikae katika tawi na kuibeba. Alikata tawi la mkunazi wa porini, ule ambao kwetu huitwa umlahlankosi, wenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Akajipa moyo, akatembea bila karatasi hadi bandarini Durban, akamwita mdogo wake pale alipopandia meli. Mnajua sheria. Anayebeba tawi hasemi na mtu yeyote mpaka afike nyumbani, isipokuwa na yule anayemleta. Bhekifa alipofika dukani hapo bondeni akakutana na rafiki yake, na kwa kiherehere cha mtu aliyenusurika polisi safari nzima, akamsalimu, akamwomba na ugoro, wakapiga soga. Habari ikamtangulia nyumbani.

Watu walikuwa wamekusanyika kumpa MaShezi pole na kumvika nguo nyeusi. Dumazile, mwenye miaka mitano, alikuwa amemshika sketi. MaShezi akalitazama lile tawi, akamtazama aliyelibeba, na aliyelibeba akatazama chini.

"Shemeji," akasema, "hizo ulizoleta ni kuni."

"MaShezi, usiseme hivyo mbele ya watu."

"Niape kwa mume wangu kwamba yumo humo? Apa wewe kwanza."

Bhekifa hakuapa. MaShezi akawageukia waombolezaji, akawaambia pole yao wairudishe makwao, yeye hajafiwa, na kama amefiwa basi anayejua hajasema. Hakuvaa nyeusi. Hakukubali kurithiwa wala hakuolewa tena. Watu wakasema ana kichwa kibovu, wengine wakasema ana bwana mwingine. Alilima, akamsomesha binti yake, akakaa miaka arobaini na miwili zaidi katika hali ambayo haina jina, si mke wala mjane. Alifariki tarehe 11 Agosti 1988. Alichoacha kwa Dumazile ni agizo moja: "Msinilaze katikati. Niacheni upande. Akija mumlaze hapo."

Basi mtaelewa kwa nini Dumazile, alipomaliza kusomewa zile karatasi mbili asubuhi ile ya mwaka 2017, hakulia kwanza. Alicheka. Alicheka mpaka Mzikayifani akaogopa.

"Kwa hiyo Mama hakuwa na kichwa kibovu," akasema.

"Hakuwa nacho, Dada."

"Rudia."

"Mama yako hakuwa na kichwa kibovu. Baba yangu ndiye aliyedanganya."

"Hilo la mwisho sikukuuliza. Kaa chini sasa, unywe chai." Ndipo akalia.

Miaka miwili ilipita katika kutafuta. Makaburi yakapatikana, yametunzwa vizuri, majani yamefyekwa, jiwe limenyooka. Ukoo ukakaa kikao. Wazee wawili, ambao leo wamo humu na hatutawataja, walipinga. Walisema marehemu alikwisha kuletwa mwaka 1946, na mtu haletwi mara mbili. Dumazile akawauliza ni nani aliyeletwa. Wakasema Mphikeleli. Akasema: "Baba zangu, ile siku mlipokea kuni, na mkaziombea." Kikao kikacheka, na kikicheka kikao cha Ntuli basi jambo limepita.

Ikaamuliwa Mzikayifani abebe tawi, kwa kuwa ni mwanamume wa ukoo na kwa kuwa deni ni la baba yake. Kila mtu alijiuliza mnadi wa ng'ombe atanyamazaje. Walisafiri watatu, yeye, Dumazile, na msomaji wa wasifu huu kama mshika pasipoti. Mila inataka anayeletwa naye akatiwe nafasi yake ya safari, tukaomba kiti cha nne cha kurudi. Binti wa tiketi akasema asiye na pasipoti hapandi ndege. Dumazile akashusha pumzi: "Hata leo tena, Baba, huna karatasi." Tukakubaliana akae mapajani kwa Mzikayifani.

Tulifika makaburini Jumatatu, tarehe 16 Septemba. Mzikayifani alipiga magoti kwenye safu ile akiwa na tawi, maneno yote ameyapanga. Kisha akasoma jiwe. Limeandikwa namba, limeandikwa Bhekifa Ntuli. Lilikuwa jina la baba yake, ambaye alimzika kwa mikono yake hapa eSibomvini. Mdomo ukafunguka, na hakikutoka kitu. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe alikaa pale magotini, analitazama jina.

Ndipo Dumazile akasogea. Aliinama kwa shida, magoti yake mnayajua, akaweka kiganja juu ya jiwe, akamwita mpaka kwa majina ya sifa ya ukoo wetu.

"Baba," akasema. "Mimi ni Dumazile. Hunijui. Ni yule uliyeuliza kwenye barua. Ndiyo, nilichukua urefu wa Mama, ila sasa nimepinda. Wamekuita Bhekifa miaka yote hii, usiwakasirikie, ndivyo ulivyowaambia mwenyewe. Wewe ni Mphikeleli, mwana wa Sigodi. Mphemba! Godide! Baba Mkubwa Bhekifa amelala nyumbani, na hana kesi tena. Mama amekuachia nafasi. Inuka twende."

Baada ya hapo akaenda kwenye mawe mengine kumi na moja, moja baada ya jingine. Barua ya Mofokeng ilikuwa na majina yao yote. Kuna Wasotho wanne, Wavenda wawili, Wakhosa watatu, Mpedi mmoja, na Mzulu mwenzetu wa ukoo wa Mkhize. Alimwita kila mmoja kwa jina, akamwachia chembe ya ugoro na kiganja cha udongo wa kwetu, akamwambia: "Asante kwa kukaa naye. Nawe watakuja kukuchukua. Mimi nimekuja na tawi moja tu." Tangu turudi tumepeleka majina hayo redioni, na familia mbili zimekwisha kupiga simu. Wajukuu wa Mkhize wako nasi leo, wameketi mstari wa tatu.

Safari ya kurudi, Mzikayifani alipata tena mdomo wake. Sheria inamkataza kusema na watu, haimkatazi kusema na marehemu, na alilitumia tundu hilo vilivyo. Kutoka Bari mpaka Durban hakunyamaza. "Mphemba, sasa hawa wanataka tuvue viatu. Mimi navua, wewe kaa hivyo hivyo." "Mphemba, hii ni ndege, usiulize inakaaje juu, hata mimi sijui." "Mphemba, mama huyu anatuuliza kuku au samaki. Nakuchukulia kuku." Yule mama alimtazama msomaji kwa huruma nyingi.

Tulichokiogopa ni Durban, pale wanapokagua mimea. Ofisa aliona tawi, akamzuia. "Mzee, hili limetoka wapi?" Mzikayifani akainamisha kichwa: "Mphemba, kijana huyu anauliza unatoka wapi. Mimi siwezi kumjibu." Msomaji alikuwa anafungua mkoba wa karatasi zetu za ruhusa, lakini ofisa hakuzingoja. Aliitazama ile miiba, akaelewa. Akavua kofia, akasimama wima, akaliambia tawi: "Karibu nyumbani, Baba." Akatufungulia njia, na watu wote waliokuwa nyuma yetu wakangoja bila kunung'unika.

Tuliingia hapa Alhamisi alasiri. Tulipopita dukani bondeni wapo waliomsalimu Mzikayifani kwa makusudi, kumjaribu. Hakugeuka. Tawi likalazwa ndani kabisa ya nyumba kubwa, mahali pa wazee waliotangulia, ng'ombe akachinjwa. Likazuka neno la mwisho kutoka kwa wale wazee wawili, kwamba aliyeita ni mwanamke, tena aliyeolewa ukoo mwingine, je, kweli marehemu amefuata? Hilo ndilo lililokuwa likimla Dumazile tangu makaburini, kwamba labda amekosea, labda amemwacha. Akajibu bibi mkongwe kuliko wote humu, MaCele, mwenye miaka tisini na mitano, ambaye alikuwapo mwaka 1946:

"Ninyi mna watoto?"

"Tunao, Mama."

"Ni baba gani anaitwa na mtoto wake asigeuke? Nipeni nyama."

Hapo ndipo tulipojua kwamba yamekwisha. Dumazile aliegemea ukuta akalala palepale, amekaa, katikati ya kelele zote za watu na sufuria.

Jana alikwenda ofisini kuandikisha mazishi haya. Karani, kijana mpole, akaandika tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, tarehe ya kufariki, akahesabu.

"Ana miaka ishirini na mitatu. Pole sana, Bibi. Alikuwa mjukuu wako?"

"Baba yangu."

Karani akaweka kalamu chini. "Na mbona mmechelewa hivi kumzika?"

"Hatukuambiwa alipo," Dumazile akasema. "Andika, mwanangu. Kesho saa nne."

Marehemu Mphikeleli Ntuli, akiwa katika tawi lake, analazwa leo ubavuni kwa mkewe, mahali palipoachwa. Ameacha mtoto wa kaka yake, Mzikayifani, ambaye amemaliza kazi aliyopewa na sasa ameruhusiwa kusema na watu. Ameacha wajukuu watano, vitukuu kumi na wanne na kilembwe mmoja ambaye usiku wa kuamkia jana alianza kutambaa. Ameacha binti mmoja, Dumazile. Akiwa na miaka sabini na minane, tangu asubuhi hii yeye ni yatima. Amesubiri muda mrefu kuitwa hivyo. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumpa pole kwa kufiwa na baba, kwa sababu hakukuwa na msiba wa kutolewa pole. Leo upo. Ameketi pale mbele, kwenye mkeka, amevaa nyeusi ambayo mama yake hakuivaa. Ameomba kwamba, tukitoka kaburini, kila mmoja wenu apite ampe mkono, na amwambie neno hilo analoambiwa mtoto aliyefiwa na baba yake.

Mphikeleli, mwana wa Sigodi, Mphemba, Godide, pumzika kwa amani, kwenu na kwa jina lako.